Kipini, Kinywani mwa Tana

Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikaa kugawana pwani ambayo haikuwa yao. Sultani wa Zanzibar wakamwachia ukanda wa maili kumi kutoka ufukweni, kuanzia mto Minengani kule kusini hadi Kipini upande wa kaskazini. Toka Kipini kwenda ghuba ya Manda ikahesabiwa kuwa pwani ya Sultani wa Witu, rafiki wa Wajerumani. Hivyo ndivyo mji huu mdogo ulivyoingia katika vitabu vya mikataba: mahali pa kukatia mstari. Wenyeji walikuwa na hesabu nyingine. Kwao Kipini ni pale mto Ozi unapomwaga maji yake baharini, mtumbwi wa mtoni unapokutana na jahazi, na mpunga wa Mpokomo unapobadilishwa na nguo na chumvi.

Leo Kipini imo katika kaunti ya Tana River, nchini Kenya, na mgeni anaweza kuimaliza kwa matembezi ya asubuhi moja. Misikiti, maduka, minazi, miembe, mashua za wavuvi, na ng'ambo ya pili mikoko. Lakini hii ni miji juu ya miji. Kando ya ghuba, magofu ya Ungwana yamefunikwa na vichaka. James Kirkman aliyachimba katika miaka ya 1950 na kukuta mji wa mawe wenye ukuta, makaburi ya fahari na msikiti wa Ijumaa uliopanuliwa kwa kujengewa mwingine ubavuni. Wanahistoria wengi wanaona kwamba ndio ule mji ambao Wareno wa Tristão da Cunha waliuchoma moto mwaka 1506 na kuuita Hoja. Ulisimama tena, kisha katika karne ya 17, Wagalla, ambao wazao wao tunawaita Waorma, walipotelemka kusini, miji ya bara ikahamwa mmoja baada ya mwingine. Shaka na Mwana nayo ikabaki majina.

Jina lililokataa kufa ni la Fumo Liongo, shujaa na mshairi. Kaburi lake huonyeshwa Kipini mpaka leo, na watu wa Ozi, kijiji cha juu kidogo mtoni, wanasema alikuwa wao. Wapate wanamdai pia. Edward Steere alichapa hadithi yake mwaka 1870 kama alivyoisikia Zanzibar, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu, khatati na mshairi, akaitungia utenzi. Simulizi hazipatani juu ya mfalme aliyemwandama, wala juu ya mji wenyewe. Katika vituko zinapatana mno.

Chukua kituko cha mikoma. Mfalme amewahonga watu wa msituni wamuue Liongo, nao wanajua kwamba ana kwa ana hawamwezi. Wanafanya bia ya kula makoma: leo apande huyu awaangushie wenziwe, kesho yule. Zamu ya Liongo ikifika, akiwa kileleni na mikono imekumbatia mti, watamfuma mishale. Zamu inafika. Liongo anauliza tuanze na mti upi, anavuta upinde, na kuyaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Mikoma imejaa bonde la Tana. Mtu aliyekulia huko anajua urefu wa mti ule, na anajua pia kwamba aliye juu yake hana pa kukimbilia, basi kisa hiki hakihitaji kufafanuliwa.

Halafu gereza, mfalme alipofaulu kumfunga. Kila siku mama yake anapeleka chakula, kila siku walinzi wanakula kizuri na kumwachia makombo. Basi mama anaoka mikate mizuri, na pamoja nayo mkate mmoja wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wanachagua walivyozoea. Liongo anaomba mji umchezee ngoma ya gungu kabla hajauawa, na pembe na matoazi yanapopamba moto yeye yumo ndani anakereza minyororo, sauti ya tupa ikipotea katika ngoma. Ni mshairi aliyejifungua kwa ngoma yake mwenyewe, maana nyimbo za gungu ndizo hasa anazohesabiwa kuwa bingwa wake.

Wengi hukumbuka zaidi mwisho: mwanawe aliyeahidiwa binti wa mfalme, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Mimi hunikamata kinachofuata. Liongo anaamka na jeraha lake, anachukua upinde na mishale, anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde na kufia hapo hapo. Watu wanakuja kuteka maji, wanamwona, wanarudi mbio na vyombo vitupu. Hakuna anayejua kwamba amekufa. Siku zinapita, mji mzima una kiu, wanamwendea mama mtu amsihi mwanawe, mpaka maiti inaanguka. Mwana hakumpata yule mke. Kwa mtu wa Nairobi huo ni mwisho wa ajabu tu. Kwa mji uliojengwa kinywani mwa mto, ambako maji yakijaa yanapanda na chumvi ya bahari, aliyeshika kisima ameshika roho za watu.

Mambo ya Kipini yaliyofuata yaliamuliwa vivyo hivyo, na maji. Zamani Tana haikumwagika hapa. Ilijikunja na kuingia baharini mbali zaidi upande wa kusini-magharibi, na Ozi ulikuwa mto wake peke yake, mfupi. Katika karne ya 19 ukachimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha mito hiyo miwili, ili mitumbwi yenye nafaka na pembe za ndovu ifike mji wa Kau na Kipini bila kukabili mawimbi ya ghuba. Mfereji ulikuwa mwembamba, wa kupita mitumbwi. Lakini mto ukishaonyeshwa njia ya mkato hauhitaji kualikwa mara mbili: mafuriko yaliupanua, na Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, ukahamia Kipini. Sijui kazi nyingine ya jembe katika pwani hii iliyobadilisha ramani kiasi hicho.

Palipo na mfereji pana ushuru, na palipo na ushuru pana ugomvi. Ahmed bin Fumo Luti wa ukoo wa Nabahani, aliyeitwa Simba, aliikimbia Pate kwa sababu ya masultani wa Zanzibar, na katika miaka ya 1860 akaukalia Witu, ndani ya msitu. Watumwa waliotoroka mabwana zao wakamkimbilia, akawapokea. Mwaka 1885 ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipata kwake hati ya ardhi, na bendera ya Ujerumani ikafuata. Mrithi wake, Fumo Bakari, akagombana na kampuni ya Waingereza kuhusu nani atoze ushuru Belezoni. Mwezi Julai 1890 Wajerumani wakaiachia Uingereza Witu katika mkataba ule ule uliowapa kisiwa cha Heligoland. Fumo Bakari hakuulizwa.

Septemba ya mwaka huo Mjerumani mmoja, Küntzel, na wenzake waliuawa Witu. Mwishoni mwa Oktoba manowari za Admirali Fremantle zikateremsha askari Kipini, wakapanda hadi Witu na kuuteketeza. Kipini ilikuwa tena mlango wa kupitia vita vya wengine.

Kilimo kiliendelea, na hapa pana ufundi usiosifiwa inavyostahili. Kando ya Ozi na Kau wakulima hulima mpunga bila pampu wala bwawa. Bahari inapojaa, inausukuma mto urudi nyuma. Maji matamu yaliyo juu ya yale ya chumvi yanapanda, yanaingia mashambani kwa vijifereji, na maji yakipwa yanatoka. Mkulima anafuata mwezi, anajua bamvua na maji mafu sawasawa na mvuvi. Mpango mzima unategemea kitu kimoja: mto uje na nguvu ya kutosha kuisimamisha bahari.

Nguvu hiyo imepungua. Kule juu, Tana imezuiwa kwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, yakafuata Kamburu na Gitaru, Masinga mwaka 1981, Kiambere mwaka 1988. Umeme huo umewasha taa za Nairobi miaka mingi kabla ya vijiji vya delta kuona waya. Mto ukiwa mnyonge, maji ya chumvi yanapanda mashambani, mpunga unaungua, na miembe iliyopandwa na mababu inakauka ikiwa imesimama. Mwaka 2012 delta iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu duniani. Ni heshima, ila orodha haifungulii maji. Na serikali bado ina mpango wa bwawa jingine, High Grand Falls, kubwa kuliko hayo yote.

Wakulima wa Ozi wamekuwa wakilipeleka shauri lao kwa kila kiongozi anayefika. Hawaombi mabwawa yabomolewe. Wanataka wajue ni maji kiasi gani yataachiwa, na mwezi gani, ili wapange mbegu.