Majabali ya Masasi
Majabali haya ni mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Ardhi laini iliyouzunguka ilimomonyoka, mwamba ukabaki. Mjerumani Wilhelm Bornhardt aliandika habari za vilima vya namna hii mwaka 1900. Wanajiolojia duniani huviita kwa jina lake.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika hapa kutoka Zanzibar pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa wakielekea Ziwa Nyasa, lakini wakaamua kujenga hapa, chini ya majabali. Kwetu, uamuzi huo ni mkubwa kuliko mwamba wenyewe.

Mnaotembelea hapa na watoto, msiishie Masasi. Pandeni uwanda wa juu wa Makonde hadi Newala, mtazame bonde la Ruvuma na Msumbiji kutoka Shimo la Mungu. Ukingoni, washikeni watoto mikono.