Kutembea na miguu: desturi ya ujirani katika makartie ya Beni

Beni ni muji wa njia panda. Barabara ya Goma na Butembo inakutana hapa na ile inayotoka Kisangani na Komanda kwenda Kasindi, kwenye mupaka wa Uganda. Njo maana katika avenu moja tunakuta Munande, Mumbuba, Mulese, Mualur na Muhema. Ndani ya nyumba kila mutu anasema luga yake. Inje, Kiswahili kinatuunganisha.

Wengi kati yao walifika na miguu. Katika Septemba 2002, vita ya Ituri ilipoingia Nyankunde, waliookoka walitembea siku nyingi katika pori mpaka Oicha. Mwaka 2003 wengine wakakimbia Bunia. Beni iliwapokea, sawa vile mababu walivyosema: mugeni njoo, mwenyeji apone.

Namna gani mugeni anageuka jirani? Kwa miguu. Asubuhi mama anabeba beseni yake kwenda soko ya Kilokwa, watoto wanakwenda masomo, na kila mulango kuko salamu. Kupita kimya ni haya. Mugeni anapopata nyumba, mukubwa wa nyumba kumi anamuuliza: "Umetoka wapi?" Zamani neno hilo lilikuwa la kukaribisha. Kisha jibu, jirani analeta moto ao chumvi. Na siku ya kilio hakuna kuuliza kabila: huyu analeta kuni, yule maji, wote wanakesha.

Halafu, tangu Oktoba 2014, mauaji yakaanza katika eneo letu. Tarehe 13 Agosti 2016 yakafika Rwangoma, ndani ya muji. Watu wakaacha kutembea magaribi. Lile neno "Umetoka wapi?" likageuka neno la kuogopesha. Sisi walimu tuliona binti mumoja akiacha masomo majuma mawili, kwa sababu njiani walimusimamisha juu ya lafuzi yake tu. Aliyemurudisha si sisi. Ni wamama wawili wa avenu yake, Wanande, waliotembea naye kila asubuhi mpaka kwenye mulango wa shule, wakisalimia kwa sauti ili wote wasikie kama huyu ni mutoto wao.

Ebola nayo, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200 katika mashariki ya inchi yetu. Ilitukataza kupeana mikono, ilitukataza hata kuosha maiti zetu. Lakini salamu ya mbali haikukatazwa, na tuliishika.

Tunawaambia vijana: ulinzi ni lazima, na kumujua mugeni ni lazima. Lakini anayeuliza "Umetoka wapi?" asimame kwanza, asalimie, na asikilize jibu. Kisha amusindikize mugeni hatua chache. Bila zile hatua, kartie inabaki nyumba tu.