Kaseti: Kidude Kilichopuuzwa Berlin 1963, Baadaye Kikawatoa Jasho Wakubwa

Vuta picha ni tarehe 30 Agosti 1963, Berlin Magharibi. Ukuta una miaka miwili tu tangu ujengwe, mji umekatwa vipande viwili, lakini watu wanamiminika kwenye viwanja vya maonyesho, chini ya ule mnara wa redio wa karibu mita 150. Kilichowaleta ni Funkausstellung, maonyesho makubwa ya redio na vyombo vya muziki ya Ujerumani. Habari ya mjini siku hiyo ni stirio. Kituo cha redio cha hapo hapo Berlin kimeanza kurusha muziki unaousikia kushoto na kulia, na kila mtu anataka kukaa katikati ya spika mbili aonje maajabu.

Sasa kwenye banda la Philips kulikuwa na kidude fulani kidogo, hakina makuu. Unakishika kwa mkono mmoja. Ndani yake unachomeka kiboksi cha plastiki chenye utepe ambao upana wake haufiki hata milimita 4. Hiyo ndiyo kaseti, siku yake ya kutoka hadharani. Wengi walipita zao. Injinia aliyeongoza kazi ile alisimulia baadaye kwamba waliosimama kwa makini walikuwa Wajapani. Walipiga picha, wakarudi kwao, na haikuchukua muda wakaanza kutoa za kwao. Hao ndio watu waliotembelea maonyesho kwa faida!

Tusiwalaumu sana waliopita. Mashabiki wa sauti safi wa wakati ule walikuwa na mashine za mikanda mikubwa inayozunguka kwenye magurudumu mawili, na utepe wa studio ulikimbia sentimita 38 kwa sekunde. Wa kaseti ulitambaa sentimita 4.76. Utepe ukiwa mwembamba na wa polepole, mlio unapungua utamu na ule mvumo wa "shhhh" unasikika nyuma ya muziki. Kwa mtu wa hi-fi, ile ilikuwa ni kitu cha watoto kuchezea.

Lakini jamaa wa Philips hawakuwa wanatafuta sauti ya studio. Kazi ilifanyika Hasselt, Ubelgiji, na yule injinia alianza na kipande cha mbao tu. Alikichonga kikaingia vizuri kwenye mfuko wa koti lake, akasema mashine isizidi hapo. Basi. Hesabu zote zikafuata ile mbao. Leo ingekuwa kwenye makumbusho, ila siku moja alipata pancha barabarani, akaiweka chini ya jeki ili inyanyue gari, na ikaishia hapo hapo.

Uzito wa kile kidude unaupata ukirudi nyuma miaka 30, kwenye maonyesho hayo hayo, chini ya mnara huo huo. Agosti 1933 Wanazi walikuwa wameshika nchi kwa miezi kadhaa. Mzigo uliotikisa mwaka ule uliitwa redio ya wananchi, jina la kiwandani VE 301. Hiyo 301 haikuwekwa kwa bahati mbaya: ni tarehe 30 mwezi wa 1, siku mkuu wao alipopewa madaraka. Bei ilikuwa marki 76, chini mno ukilinganisha na redio nyingine, na watu wakaibeba kweli kweli. Haikuwa na nguvu ya kudaka stesheni za mbali kirahisi, na hilo serikali halikuisumbua hata kidogo. Vita ilipoanza Septemba 1939, kusikiliza stesheni ya nje kukawa kosa la jinai, na wapo waliouawa kwa sababu yake. Redio yako ya bei poa, sebuleni kwako, lakini anayeongea ni mmoja na wewe kazi yako ni kusikia.

Kaseti iligeuza hiyo meza. Ile mashine ya 1963 ilikuwa na kitufe cha kurekodi. Na kampuni, baada ya kubanwa na Sony, ikakubali kutoa ruhusa ya kutengeneza bila malipo, ilimradi vipimo visichakachuliwe. Ndiyo maana kanda ya Japani iliingia kwenye redio ya Uholanzi bila ugomvi. Inakadiriwa zimetengenezwa zaidi ya bilioni 100.

Wakubwa walikuja kushtuka too late. Iran mwaka 1978, kiongozi wa dini aliyekuwa uhamishoni, mwishoni akiwa Ufaransa, alikuwa anahutubia na maneno yake yanafika Tehran kwa simu, yanarekodiwa, yanadurufiwa na kupitishwa mkono kwa mkono. Televisheni na jeshi vilikuwa vya mfalme. Februari 1979 mzee akashuka kwenye ndege, na utawala ukaanguka siku chache baadaye.

Na huku kwetu? Nairobi, 1990. Redio ni ya serikali peke yake. Vibanda vya Muoroto vimebomolewa mwezi Mei, watu wamelia, redio haiimbi kilio hicho. Kanda zikaimba. Zikapigwa kwenye matatu, zikauzwa mitaani, mpaka polisi wakaanza kukamata wauzaji kwa madai ya uchochezi. Fikiria askari anamkimbiza muuza kanda! Dar nako, kabla ya mitandao, Bongo Fleva ilitoka Kariakoo kwa kanda ikaenda mikoani kwenye mabasi, na iliponasa ulichomeka kalamu ukazungusha.

Kichekesho ni kwamba yule injinia mwenyewe hakuwa na mahaba na kanda. Alikuja kuhusika pia na CD, ambayo Berlin waliioneshwa kwenye maonyesho ya 1981, na mpaka uzeeni aliwashangaa vijana walioanza kununua kanda upya. Kwake CD ilikuwa na sauti bora, mjadala umefungwa. Alifariki Machi 2021 akiwa na miaka 94.

Siku hizi watu wa hi-fi wanakutana kwenye maonyesho ya High End, yaliyofanyika Munich kuanzia 2004 hadi 2025 kabla ya kuhamia Vienna. Humo kuna spika za bei ya nyumba, watu wamekaa kimya kama wako msibani. Na vyumba vingine mashine inayopigiwa muziki ni ile ile ya mikanda mikubwa, magurudumu mawili yanazunguka taratibu.

Haya, nyumbani kwenu kanda ya mwisho kupigwa ilikuwa ya nani?