Mama Anayenyonyesha na Mazoezi: Historia Fupi Kutoka Ekerenyo

Mwaka 1968, jijini Mexico, Naftali Temu alishinda mbio za mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Baadaye alirudi kulima Mugirango Kaskazini, upande uleule wa kaunti ya Nyamira ulio na mji wa Ekerenyo. Michezo hiyohiyo ya Mexico ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa wanawake wa Kenya: Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai. Kufikia wakati huo wanaume wa Gusii, yaani nchi ya milima ya Kisii na Nyamira, walikuwa wamekwisha kujenga jina. Nyandika Maiyoro alikimbia Uingereza na Kanada mwaka 1954, na Arere Anentia akatwaa shaba ya maili sita huko Cardiff mwaka 1958. Pengo hilo kati ya kaka na dada wa nchi moja halikutokana na miguu wala mapafu. Lilitokana na mpangilio wa maisha, na mpangilio huo ulimbana zaidi mwanamke aliyekuwa na mtoto kifuani. Hoja ya makala hii ni kwamba katika milima ya Gusii maziwa hayajawahi kumzuia mama kuutumia mwili wake kwa nguvu. Kinachomzuia ni kukosa msaada. Zamani msaada huo ulitolewa na watu. Leo sehemu yake kubwa imeachiwa nguo, na nguo yenyewe, sidiria ya michezo inayomfaa anayenyonyesha, ni vigumu kuipata.

Ushahidi wa zamani hatuna budi kuutafuta kwenye kazi, kwa kuwa mazoezi kama tunavyoyajua leo hayakuwapo. Wanaanthropolojia Robert LeVine na mkewe Sarah walichunguza malezi ya Wagusii kwa miongo kadhaa. Robert alianza katikati ya miaka ya 1950, na wote wawili wakarudi katikati ya miaka ya 1970. Walimkuta mama anayelima, anayebeba kuni na maji kwenye miteremko mikali, na papo hapo ananyonyesha kila mtoto anapolia. Aliyewezesha haya yote ni omoreri, msichana mdogo, mara nyingi dada wa mtoto, aliyekabidhiwa kumbeba na kumtuliza mama akiwa shambani, kisha kumpeleka kwa mama anyonye. Miaka hiyo ya 1970 mwanamke wa Gusii alizaa kwa wastani zaidi ya watoto wanane, maana yake sehemu kubwa ya ujana wake ilipita akiwa mjamzito au akinyonyesha. Kama kunyonyesha kungekuwa kizuizi cha kazi ya nguvu, wimbi na mahindi ya Gusii yangelimwa na nani?

Nguo nayo ilikuwa na sehemu yake. Kabla ya wamisheni wa Kikatoliki kufika Nyabururu mwaka 1911 na Waadventista kufika Nyanchwa mwaka 1912, mavazi yalikuwa ya ngozi. Baadaye likaja gauni, na pamoja nalo leso, nguo ya pwani ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya kilimo lakini ikageuka mbeleko, mshipi, na kifungo cha kifua kwa wakati mmoja. Leso inayozungushwa chini ya makwapa na kukazwa hubeba uzito na kupunguza mtikisiko, na hufunguliwa mara moja mtoto akidai haki yake. Kisha likaja zao la chai, hasa baada ya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, kuundwa mwaka 1964. Mchumaji wa chai hubeba kikapu mgongoni, na palipo na kikapu mtoto hana nafasi. Kuanzia hapo mama alimhitaji omoreri kuliko zamani, kwa sababu mgongo aliombebea mtoto ulikuwa umeshikwa na majani.

Lakini omoreri alikuwa na safari yake mwenyewe, na ilikuwa safari ya haki. Mwaka 1974 serikali iliondoa karo kwa madarasa ya chini ya shule ya msingi, na mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Binti aliyekuwa akishinda na mtoto mgongoni sasa anashinda darasani. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka arudishwe nyumbani. Hata hivyo, ni lazima tuhesabu kilichoondoka pamoja naye. Mama wa leo wa Ekerenyo, awe mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa sokoni, hana mikono ya pili ya kumshikia mtoto wakati wa kazi, wala saa ya kukimbia asubuhi. Wakati huohuo ameombwa anyonyeshe zaidi: takwimu za kitaifa za afya zinaonyesha kuwa watoto wa chini ya miezi sita walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 13 mwaka 2003, wakafika 61 mwaka 2014, na 60 mwaka 2022. Haya ni mafanikio makubwa ya afya ya umma. Yana maana pia kwamba akina mama wengi zaidi wana matiti yaliyojaa maziwa katika miezi ileile wanayoshauriwa kuanza tena mazoezi.

Sidiria ya michezo ni mgeni mdogo duniani kote. Ilizaliwa mwaka 1977 huko Burlington, jimbo la Vermont, Marekani, pale Lisa Lindahl, aliyechoka kukimbia kwa maumivu, alipoungana na Polly Smith, mshonaji wa mavazi ya maigizo, na Hinda Miller. Walichukua nguo mbili za wanaume za kushikilia viungo vya siri michezoni wakaziunganisha kwa sindano. Yaani wanaume walikuwa na kinga yao zamani, na wanawake wakajitengenezea yao kutokana na ile. Kuchelewa huko kunaeleweka ukikumbuka kwamba baada ya mbio za 1928 Olimpiki iliwanyima wanawake mita 800 hadi 1960, na marathoni hadi 1984. Ikiwa mwanamke mkimbiaji kwa ujumla alisahauliwa hivyo, anayenyonyesha alisahauliwa mara mbili.

Hapa Gusii nguo hiyo iliingia hasa kwa njia ya mitumba, baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kutoka marobota ya soko la Gikomba jijini Nairobi hadi soko la Daraja Mbili mjini Kisii, sidiria ya michezo hupatikana kwa bei ambayo duka la nguo mpya haliwezi kushindana nayo. Kasoro ni kwamba sehemu ya sidiria inayobeba uzito mkubwa ni ule mkanda wa mpira unaozunguka chini ya matiti, na mpira ndio unaochoka kwanza nguo inapovaliwa na kufuliwa. Mama huipima, huona imelegea, kisha huchukua saizi ndogo inayobana kila mahali. Hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Wapo watakaosema kwamba nyanya zetu walilima bila sidiria na hawakulalamika. Ni kweli walilima. Lakini kuinama na jembe si sawa na kukimbia. Titi halina msuli wa kulishikilia. Linategemea ngozi na kano nyembamba, na mtu akikimbia huenda juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Likijaa maziwa huwa zito zaidi. Tena kutolalamika si ushahidi wa kutoumia. Waliofanya utafiti miongoni mwa wanawake waliokimbia marathoni ya London mwaka 2012 walikuta karibu theluthi moja wakikiri maumivu ya matiti, nao hawakuwa wanawake dhaifu. Nyanya zetu hawakuulizwa.

Pingamizi la pili ni la maziwa: kwamba mazoezi huyafanya yawe machache au machungu. Utafiti wa mwaka 1994 nchini Marekani uliwagawa akina mama wanaonyonyesha katika makundi mawili, moja likafanya mazoezi ya kuhema dakika 45, siku tano kwa wiki, kwa wiki 12. Wingi wa maziwa na ubora wake havikutofautiana na vya kundi lililopumzika, wala watoto hawakupungua kukua. Pingamizi la tatu lina uzito zaidi: kwamba nguo inayobana huziba njia za maziwa na kuleta uvimbe wenye homa. Ni kweli, na ndiyo sababu kifua cha mama anayenyonyesha hakifai kukandamizwa bali kubebwa. Anahitaji sidiria yenye vikombe vinavyotenganisha matiti, mikanda mipana ya mabega, kulabu za safu kadhaa kwa sababu saizi hubadilika mwezi hadi mwezi, na tundu au kifungo cha mbele cha kunyonyeshea. Anyonyeshe kwanza, kisha akimbie, na aivue sidiria hiyo akimaliza.

Atakayesema haya ni mambo ya mabingwa aitazame fainali ya mita 5,000 ya Rio mwaka 2016. Dhahabu ilikwenda kwa Vivian Cheruiyot, aliyejifungua mwaka 2013, na fedha kwa Hellen Obiri, binti wa Gusii, aliyejifungua mwaka 2015. Lakini mabingwa wana makocha, walezi na kampuni za kuwavisha. Mwalimu wa Ekerenyo anayetaka kutembea kwa kasi kupanda mlima au kucheza netiboli jioni ana mwili uleule usio na lolote kati ya hayo. Kwa hiyo yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya nguo nzuri.

Na nguo hiyo haihitaji kusubiri meli. Ya kwanza ilishonwa na fundi wa mavazi ya jukwaani, na mafundi wa cherehani hawajawahi kukosekana Gusii. Mpira mpya, pamba na kulabu vinauzwa Kisii. Kinachokosekana ni vipimo na mtu wa kuviagiza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Hatua inayofuata ni ya kliniki za akina mama za Nyamira: mama anapoleta mtoto kupimwa uzito, aelezwe pia namna ya kuchagua sidiria ya mazoezi, kama anavyoelezwa kuhusu lishe. Vyama vya akina mama navyo viwaagizie mafundi wa hapa kwa jumla, ili bei ishuke. Jamii iliyompa mama omoreri haikuona kwamba ilikuwa ikimdekeza, iliona inamwezesha. Sisi tuliompeleka omoreri shule, na tulifanya vyema, tunadaiwa kumpa mama huyo msaada mwingine.