Kujitosheleza si Kujitegemea

Jumamosi asubuhi, kabla matatu ya 111 haijajaa pale katikati ya jiji la Nairobi, utakuwa umeshatiwa mkononi karatasi mbili tatu za ploti. Nyingi ni za Kajiado: futi hamsini kwa mia, hati iko tayari, lipa mdogo mdogo. Moja niliyoihifadhi ndani ya kitabu iliahidi "maisha ya kujitegemea": maji yako, mboga zako, kuku wako, hata jiji likikwama. Nilikuwa nimeisoma mara tatu tulipofika Dagoretti Corner, nikaona aliyeiandika amekosea neno. Alichokuwa akiuza ni kujitosheleza.

Maneno haya mawili hutumika kana kwamba ni pacha, hata redioni. Yafumue uone. Kutegemea kunakaribiana kimaana na kuegemea: mtu na ukuta, mzee na mkongojo wake. Anayejitegemea ameulizwa anamwegemea nani, akajibu, "Mwenyewe." Ni neno la uhusiano, ndiyo maana liliingia kwenye siasa kwa urahisi. Azimio la Arusha la 1967 lililiweka kando ya ujamaa, likimaanisha taifa lisilongoja mikopo na misaada ndipo lijenge. Sisi Wakenya tulilelewa na harambee, ambayo kwa hakika ni kuegemeana. Kujitosheleza kunatoka kwingine kabisa. Mzizi wake ni tosha, neno la jikoni na la dukani: unga umetosha, chenji haitoshi. Hilo ni neno la kipimo. Ama debe limejaa au halijajaa.

Kwa hiyo linakubali hesabu. Chukua nyumba yenye paa la mabati la mita 60 za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme mwaka umeleta milimita 500: paa limekupa lita 30,000, kama hakuna tone lililomwagika. Watu wanne, kila mmoja na mtungi wake wa lita 20 kwa siku, wanamaliza lita 29,200 kwa mwaka. Kumbe karatasi haikudanganya? Imetosha, tena na chenji. Ila bado hujamwagilia sukuma wiki wala kunywesha kuku, na mvua haiji mtungi mmoja mmoja kila siku. Huja masika na vuli; katikati unakula akiba, na tangi la lita 10,000 ni akiba ya miezi minne tu. Halafu kuna miaka kama ile ya kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ambayo maeneo kame ya Kenya yalikosa mvua ya kutosha. Kuhusu visima, watu wa upande wa Rongai na Kitengela, huko huko Kajiado, wana maji ya aina mbili, matamu na ya chumvi. Muuzaji akikwambia maji yapo, mwulize ni yapi.

Kuuliza hivyo ni kutathmini, na tathmini ni neno jingine la kuchunguza. Asili yake ni Kiarabu, nalo ni jamaa wa thamani, kwa hiyo ndani yake mna bei. Labda ndiyo sababu Mnairobi akienda kutathmini kaunti ya mashambani hurudi na bei ya ekari. Lakini wapo wanaotathmini kaunti kila mwezi bila kugusa bei ya ardhi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, iliyoundwa 2011, hutoa taarifa za kaunti 23 kame na nusu kame, Kajiado ikiwamo. Hizo ndizo ningemtia mkononi mnunuzi wa ploti. Zinaeleza hali ya majani inavyoonekana kwa setilaiti, umbali wa kwenda majini, maziwa yanayobaki nyumbani, na mzingo wa mkono wa mtoto mdogo.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha mbuzi na mahindi: ukimuuza mbuzi mmoja leo, utanunua kilo ngapi za mahindi? Wachumi wana jina lao refu; mimi nauita uwiano wa mbuzi na mahindi, maana mfugaji huelewa kabla hujamaliza kuutamka. Mvua ikikosa, mbuzi hukonda na bei yake hushuka, mahindi huadimika na bei yake hupanda, mwenye boma akabanwa pande zote mbili. Serikali yenyewe basi, ikitaka kujua kama watu wako salama, huuliza kama bado wanaweza kubadilishana walicho nacho. Mfugaji hakuwahi kudai anajitosheleza. Ana mifugo, ana soko, ana jamaa wa mbali wenye nyasi. Katika ukame wa 2009 ng'ombe wa Kimaasai walichungwa kando ya barabara za Karen na Lang'ata, wakipita mbele ya malango makubwa huku madereva wakipiga honi. Mwenye lango aliona kijiji kimevamia jiji. Mchungaji alikuwa amefuata majani, na yaliyobaki yalikuwa kwenye ua wa mtu anayeota kuhamia Kajiado.

Nairobi nayo ni kaunti, na kwa kipimo cha kutosha inaanguka mapema. Maji yake mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, Murang'a. 2017 bwawa liliposhuka, mitaa ikapewa ratiba ya mgao. Viazi vya soko la Marikiti hupanda lori Nyandarua.

Limebaki neno la kuikabili dharura. Nyaraka hupendelea utayari, nami silipendi sana. Tayari, kwa Mnairobi, ni jambo lililokwisha: chakula tayari, nimelipa tayari. Utayari unasikika kama cheti cha kutundika ukutani. Mimi huandika kujiweka tayari, kwa kuwa kitenzi hakikuachi ukae. NDMA hupanga hali ya kaunti kwa hatua tano, ambazo naziita kawaida, tahadhari, hatari, dharura na ahueni. Mbuzi huuzwa kwenye tahadhari, angali na nyama. Ukingoja dharura unauza mifupa.

Niliipigia namba ya ile karatasi hata hivyo. Jumapili iliyofuata nikasimama kwenye ploti yenyewe, bikoni ya saruji hapa, nyingine kule, na upepo. Kijana wa kuuza alikuwa mchangamfu.

"Mkubwa, hapa ukijenga umejitegemea kabisa."

Nikamwuliza maji ni matamu au ya chumvi.

"Yananyweka," akasema.

Nikamwuliza mbuzi mmoja huku ananunua kilo ngapi za mahindi. Akanitazama, akamtazama dereva wake.

"Mkubwa, mimi nauza ploti."