Babu Aliandikwa Wapi? Daftari za Kodi na Ukoo Wetu

Vijana wengi wanatuuliza: namna gani mtu atajua ukoo wake kama wazee wamekwisha kufa? Njia moja ni daftari za hesabu ya watu za wakati wa Wabelgiji. Lakini hazikuandikwa juu ya historia, ziliandikwa juu ya kodi. Dekreti za 1910 ziliweka sheferi na kodi ya kichwa. Huku Kivu kazi ilipata nguvu baada ya vita ya 1914-1918.

Karani alitafuta kwanza mwanaume mzima mwenye nguvu, kwani ndiye mlipaji. Wake na watoto walifuata chini yake. Mwenye bibi wengi alilipa nyongeza, basi tusishangae bibi mmoja kukosekana kwenye karatasi. Na mwenye kukimbia kodi hayumo kabisa! Kwa hiyo jina likikosekana, hiyo si ushuhuda kwamba mtu hakuwako.

Miaka ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Ndiyo maana vitambulisho vya wazee wetu vinasema tu « vers 1920 ». Afadhali kuuliza mzee: alizaliwa mbele ama nyuma ya lava ya Nyamulagira iliyofika ziwani (ule mlipuko ulianza 1938)? Alikuwa anatembea wakati wa njaa ya Ruzagayura, 1943? Jibu lake mara nyingi linashinda karatasi.

Majina ndiyo yenye kuchosha. Kwetu mtoto anapewa jina lake mwenyewe, si la baba. Kutafuta jina la familia namna ya Wazungu ni kupoteza wakati. Tutafute baba, kijiji, shefu, na ukoo, vyote pamoja. Karani naye aliandika alivyosikia: « u » inakuwa « ou », « sh » inakuwa « ch ». Tena mwaka 1972 Zaire ilikataza majina ya Kikristo, hivyo Pierre wa daftari ya zamani anarudi na jina lingine kwenye karatasi za baadaye. Ndugu wawili wanaweza kuonekana kama watu wanne. Hapa vitabu vya ubatizo vya Mapadri Weupe vinasaidia sana, maana vinataja wazazi na wasimamizi.

Tuangalie pia uhamisho. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ilileta familia kutoka Rwanda, kwanza Gishari, Masisi. Wengine walikuwa huku mbele ya hapo, mpaka ulipochorwa kati ya Wabelgiji na Wajerumani. Daftari inaonyesha mtu alilipia wapi kodi, haionyeshi kila mara alizaliwa wapi.

Hiyo tofauti imeumiza watu. Sheria ya 1981 ilidai babu awe wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Karatasi gani ingejibu? Mwaka huo hakuna karani aliyeketi Rutshuru wala Masisi. Mjerumani von Götzen alipita huku mwaka 1894 tu. Watu walidaiwa ushuhuda ambao hakuna aliyeuandika, si wao, si majirani waliowashitaki. Sheria ya Novemba 2004 ilileta kipimo kwenye uhuru, 1960, na huko daftari zinafika.