Mashine Ilichomwa, Kampuni Ikabaki

Desemba 2022, jaji mmoja wa Quebec, Kanada, aitwaye Sylvain Lussier, aliruhusu kesi ya wazazi dhidi ya Epic Games iendelee. Epic ndio waliotengeneza Fortnite. Wazazi walidai watoto wao wameshikwa na gemu hadi hawali, hawaogi, hawana marafiki tena nje ya skrini, na kwamba kampuni iliiunda gemu makusudi ili iwashike hivyo. Epic ilikana. Jaji hakusema wazazi wako sahihi. Alisema tu kwamba dai si la mzaha, na akakumbusha kuwa hata madhara ya tumbaku hayakutambuliwa kwa siku moja.

Hebu isome habari hiyo ukiwa Rongo, au Mbita, au pale stendi ya Oyugis. Utashangaa kidogo. Si kwamba watoto wetu hawachezi. Wanacheza sana. Kinachoshangaza ni nani amesimamishwa kizimbani. Kwa sababu Migori na Homa Bay, tangu gemu zifike, kuna watu watatu tu ambao hulaumiwa: mtoto, mwenye kibanda, na mashine yenyewe. Kampuni haimo kwenye orodha.

Tuanze na vibanda. Kizazi changu kilikuta PlayStation 2 ishazoeleka mitaani. Chumba cha mabati, televisheni ya mgongo mkubwa, benchi la mbao, pedi mbili zilizofungwa selotepu. Unalipa kwa mechi. Anayeshindwa anainuka, mshindi anabaki, na wewe uliyeshindwa unatafuta ten bob nyingine. Hakukuwa na njama ya kampuni ya ng'ambo katika mpangilio huo. Ilikuwa biashara ya jamaa wa mtaani na jenereta yake, na stima ikipotea raha imeisha. Lakini watoto walikosa shule kwa ajili yake, na watu wazima walijibu kwa njia wanayoijua. Mwalimu alikuja na fimbo, ijapokuwa viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001. Chifu alikuja na askari. Kibanda kinafungwa Jumatatu, Ijumaa kimefunguliwa nyuma ya kinyozi.

Kisheria vibanda hivyo vina mwenyewe. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya kusimamia maonyesho ya video, sinema, na kamari ndani ya kaunti, huku serikali kuu ikibaki na kamari ya kitaifa. Maana yake Migori na Homa Bay zilipata mamlaka juu ya kibanda cha gemu mwaka uleule zilipopata magavana, 2013. Kwa raia wa kawaida mamlaka hayo huonekana kama risiti ya leseni. Umri wa anayeketi kwenye benchi haumo kwenye risiti.

Kisha zikaja mashine. Kama uliishi Awendo, Isebania au Kendu Bay miaka ya 2016 hadi 2019 sihitaji kukueleza. Sanduku lenye taa za rangi, limeketi kwenye pembe ya duka kando ya gunia la makaa. Picha za matunda, muziki wa kitoto, vitufe vikubwa. Inakula sarafu ya mbao, ile ya shilingi ishirini, na hakuna anayeuliza kitambulisho. Watu waliziita za Mchina. Kimo chake kilikuwa cha mtoto wa darasa la tano, hakuhitaji hata kupanda kreti. Hapo ndipo mpaka kati ya gemu na kamari ulipofutika kwetu, kwa sababu mtoto aliyetoka kucheza mpira wa skrini kwa shilingi kumi aliona kitu cha aina ileile, chenye taa zilezile, ila hiki kinaahidi kurudisha pesa.

Sheria ilikuwepo. Sheria ya kamari, Sura ya 131, ilikuwa imeanza kazi 1966, na bodi ya leseni ilikuwa na ofisi na mhuri. Kilichokosekana ni mtu wa kuifikisha dukani. Ilipofikishwa, katika msako wa 2018 na 2019 chini ya waziri wa usalama Fred Matiang'i, ilifika kwa nyundo na petroli. Sehemu nyingi za nchi mashine zilikusanywa, zikavunjwa na kuchomwa hadharani mbele ya maafisa. Wamama walipiga makofi, na walikuwa na haki ya kupiga. Sarafu zilirudi madukani kama chenji.

Lakini fikiria kilichoungua pale. Ndani ya kila sanduku kulikuwa na programu inayoamua mtu ashinde mara ngapi, na ashinde lini ili asiondoke. Hicho ndicho kitu ambacho wakili yeyote angetaka kukiweka mezani. Nani aliiandika, nani aliiingiza nchini, kiwango cha ushindi kiliwekwa wapi, na je, kilibadilishwa mashine ilipotoka Nairobi kwenda kijijini? Tulichoma ushahidi tukidhani tunachoma kosa. Aliyebaki na la kujibu ni mwenye duka, ambaye alipewa mgao tu na hakujua hata jinsi ya kulifungua sanduku.

Sisi si wa kwanza kufanya hivyo. Ufilipino, 1981, Ferdinand Marcos alipiga marufuku gemu za video na mashine za kamari kwa pamoja, na wamiliki wakaambiwa waziharibu. Mwaka huohuo Uingereza, mbunge George Foulkes alipeleka bungeni mswada wa kudhibiti Space Invaders. Ulishindwa kwa kura chache. Mji wa Mesquite, Texas, ulizuia watoto wa chini ya miaka 17 kuingia kwenye kumbi za gemu bila mzazi, na ugomvi huo ukafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani 1982. Kila mahali hofu ilianza kwa chumba na mlango wake. Funga mlango, tatizo limeisha. Ilichukua miaka mingi kwa mtu kwenda mahakamani na kusema tatizo si mlango, ni jinsi kitu chenyewe kilivyoundwa.

Na leo mlango haupo. Simu imeumeza. M-Pesa ilianza 2007, SportPesa ikaja 2014, Aviator ya kampuni ya Spribe ikatoka 2019. Ile ndege ndogo nyekundu inayopaa huku namba zikipanda, ni gemu au kamari? Muulize kijana wa boda pale Sori akisubiri abiria, atakucheka. Upande wa pili, gemu zinazoitwa za watoto zimejifunza mbinu za kamari: unanunua kisanduku bila kujua kilichomo. Ubelgiji iliamua 2018 kwamba visanduku vya aina hiyo ni kamari. Marekani, Desemba 2022, Epic ilikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza mashtaka ya serikali. Milioni 275 zikiwa faini ya kukusanya taarifa za watoto, na milioni 245 zirudishiwe watu walionaswa kulipia vitu wasivyokusudia kununua.

Sasa swali la pesa mbili: mama wa Oyugis anaweza kuishtaki kampuni ya gemu? Kwenye karatasi, anaweza zaidi ya anavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zisizomdhuru. Kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza. Kifungu cha 22 kinamruhusu kushtaki kwa niaba ya mtoto wake au kwa niaba ya kundi zima, bila ada ya kufungua kesi, na mahakama ikilazimika iwapokee hata wenye hati zisizo rasmi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 haikubali kipengele cha usuluhishi kimzuie mtu kwenda Mahakama Kuu. Na vipengele hivyo ndivyo kampuni za gemu hupenda kuvificha katika masharti ambayo sote tunabonyeza “nakubali”.

Kampuni iko California? Daniel Motaung aliishtaki Meta hapa Nairobi 2022 kuhusu kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook. Meta ikasema mahakama za Kenya haziihusu. Februari 2023 mahakama ya ajira ilikataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa pia. Mlango huo umefunguliwa na mtu mmoja mkaidi.

Ugumu uko kwingine. Shirika la Afya Duniani liliingiza ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa 2019, na orodha ikaanza kutumika Januari 2022, lakini kwa masharti: kwa kawaida hali iwe imedumu miezi 12 na iwe imeharibu maisha ya mtu kweli. Kupenda gemu sana hakutoshi. Kuna wasomi waliopinga hata hilo, wakihofia kila kijana aliyechoka na maisha ataitwa mgonjwa. Japani, kijana mmoja na mama yake waliushtaki mkoa wao wa Kagawa kwa kuweka mwongozo wa dakika 60 za gemu kwa siku ya shule. Walisema hilo ni jambo la familia. Walishindwa 2022, ila swali lao lina uzito. Mimi nililelewa na benchi la PlayStation kiasi, na wengi tulioketi pale hatukuugua chochote. Tulikuwa hatuna uwanja wenye nyasi.

Ndiyo maana naona kesi ni bora kuliko moto. Kesi humlazimisha kila mtu kuthibitisha. Mzazi aonyeshe taarifa ya M-Pesa, ripoti ya shule, barua ya daktari. Kampuni ionyeshe jinsi inavyopanga zawadi na saa ngapi inamtumia mtoto ujumbe wa kumrudisha. Kifungu cha 35 kinatoa haki ya kudai taarifa zilizo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa zinahitajika kulinda haki yako. Quebec yenyewe ilijifunza hivyo kwa sigara: nyaraka za kampuni za tumbaku zilisomwa mahakamani, hukumu ya 2015 ikapita dola bilioni 15 za Kanada, na rufaa ya 2019 ikaiacha isimame.

Mwaka 2025 Kenya ilipata sheria mpya ya kudhibiti kamari na kuipumzisha ile ya 1966. Sawa. Ila sheria ikibaki ya leseni na misako, itampata tena mwenye kibanda. Mahakama Kuu iko Migori mjini, nyingine iko Homa Bay mjini, zote umbali wa matatu moja. Mzazi anayeona pesa ya karo ikiyeyuka kwenye simu asifute zile meseji kwa aibu, wala asiivunje simu kwa hasira. Kila ujumbe una tarehe, saa na jina la aliyepokea.